Windows 10 imestaafu: Mzazi wa anayesomea programu asikimbilie dukani

Mwanza. Kijana anayesomea kompyuta akirudi nyumbani Nyakato na kusema, “Mama, laptopu hii inakataa mfumo mpya,” wazazi wengi huwaza mambo mawili: ama muuzaji aliwapa kimeo, ama mtoto ameanza kutafuta njia ya kupata hela ya matumizi.

Mara nyingi hakuna aliyedanganya. Laptopu inawaka, kioo ni kizima na betri bado inakaa. Kilichofika mwisho ni huduma ya mfumo endeshi uliomo ndani yake.

Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, mfumo uliotoka Julai 29, 2015 na kuzoeleka maofisini, shuleni, hospitalini na kwenye steshenari za mitaani. Mrithi wake ni Windows 11, uliotoka Oktoba 5, 2021.

Kusitishwa huko hakumaanishi kwamba kompyuta zimezimika. Zinaendelea kufanya kazi, ila hazipati tena bure yale marekebisho ya kila mwezi yanayoziba matundu ambayo wahalifu wa mtandao hupitia.

Kwa familia, jambo hili lina pande mbili. Upande wa kwanza ni mfuko, kwa sababu mzazi anaweza kuuza mbuzi au kuvunja kibubu kununua kompyuta ambayo hakuihitaji. Upande wa pili ni afya, kwa sababu kumbukumbu za mama na mtoto kliniki nazo zinakaa ndani ya programu, na programu hizo zina watu walioziandika ambao sasa wana kazi ya kuzirekebisha.

Kiwanja na nyumba

Mfumo endeshi ndio unaoamka kwanza kompyuta ikiwashwa. Ndio unaoziruhusu programu nyingine kutumia kioo, kibodi, printa, diski na intaneti. Programu ya kuandikia barua, ya kutunza stoo ya dawa au mchezo wa mtoto, zote zimesimama juu yake kama nyumba juu ya kiwanja.

Wajenzi wa nyumba hizo ni watengenezaji wa programu, ambao vijana huwaita madevelopa. Kiwanja kikibadilishwa, wao ndio wanaorudi kukagua kama msingi bado umekaa sawa.

Katika Windows 11 kuna mabadiliko kadhaa yanayowarudisha kazini.

La kwanza ni kwamba Windows 10 ilikuwa na toleo la biti 32 na la biti 64, lakini Windows 11 ina la biti 64 peke yake. Programu nyingi za biti 32 bado zinafunguka. Zile kongwe za biti 16, za enzi za DOS na za Windows za mwanzoni mwa miaka ya 1990, hazifunguki. Vilevile draiva, yaani programu ndogo zinazoiunganisha kompyuta na kifaa kama printa au mashine ya maabara, lazima ziwe za biti 64. Kifaa ambacho kiwanda chake hakikuandika draiva mpya kinaweza kubaki kizima mezani, lakini kisisomane na kompyuta.

La pili ni kivinjari cha Internet Explorer. Microsoft ilikistaafisha Juni 15, 2022, na ndani ya Windows 11 hakimo. Programu za ofisini zilizoandikwa kukitegemea hicho tu zinahitaji kuandikwa upya, au kufunguliwa kwa njia maalumu iliyomo kwenye kivinjari cha Edge, ambayo Microsoft imeahidi kuitunza hadi angalau mwaka 2029.

La tatu ni VBScript, lugha ndogo ya maelekezo ambayo mafundi wengi waliitumia kuendesha kazi za kujirudia. Oktoba 2023 Microsoft ilitangaza kuwa itaondolewa hatua kwa hatua.

Kwa developa, kila badiliko kama hilo maana yake ni kufungua kazi ya zamani, kuijaribu kwenye mfumo mpya, kurekebisha panapokwama, kujaribu tena, kisha kuwafikia wateja mmoja mmoja. Ugumu wake ni kwamba baada ya jasho lote hilo, programu inafanya kilekile ilichokuwa ikifanya jana. Mteja haoni kitu kipya, hivyo hapendi kulipia. Kazi inaahirishwa, na matokeo ya kuahirisha huja kuonekana siku ya tatizo.

Kumbukumbu za kliniki

Mama anayempeleka mtoto kliniki anaona kadi na mhudumu anayeandika. Nyuma ya mhudumu kuna mfumo. Katika vituo vingi vya umma vya afya ya msingi hutumika GoTHOMIS, mfumo ulio chini ya TAMISEMI unaosajili wagonjwa, malipo na dawa. Takwimu za vituo, kuanzia wajawazito hadi malaria, hukusanywa kwenye DHIS2, mfumo ulioasisiwa kwa kuongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo cha Norway, ambao Tanzania iliusambaza nchi nzima kufikia mwaka 2013, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwa mshiriki mkubwa.

DHIS2 hufunguliwa kupitia kivinjari, na programu yenyewe iko kwenye seva. Kompyuta ya kituo ikihama kutoka Windows 10 kwenda 11, au hata kwenda Linux, mtumiaji anafungua kivinjari, anaingiza nywila na anaendelea. Developa anakagua vivinjari vichache badala ya maelfu ya kompyuta. Hiyo ni sababu mojawapo ya mifumo mingi mipya kujengwa kwa namna hiyo.

Upande mwingine kuna programu zilizowekwa ndani ya kompyuta yenyewe. Mfano unaofahamika ni hifadhidata ya kliniki za tiba na matunzo, maarufu kama CTC2, ambayo kwa miaka mingi imetumika kufuatilia watu wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi. Ilijengwa juu ya Microsoft Access. Programu za aina hiyo zina sifa kubwa: zinafanya kazi hata intaneti ikikatika, jambo ambalo kituo cha kisiwani Ukerewe au kijijini Sengerema kinalithamini.

Lakini programu yoyote ya Access iliyoandikwa zamani kwa Office ya biti 32 inahitaji uangalizi ikihamishwa. Kuanzia Office 2019, toleo linalowekwa bila kuchagua ni la biti 64, na baadhi ya mistari ya maelekezo ya zamani haikubaliki humo mpaka developa aisahihishe. Mtu akibadilisha kompyuta bila kumshirikisha aliyeandika programu, asubuhi yake daftari la wagonjwa linaweza kugoma kufunguka huku watu wamepanga foleni.

Penye hatari zaidi ni pale ambapo zahanati ndogo au duka la dawa linategemea programu iliyoandikwa na kijana mmoja ambaye ameshahama mji na simu yake haipatikani. Hapo mwenye zahanati hujikuta njia panda: abaki na Windows 10 isiyozibwa matundu, au ahamie mfumo mpya na kupoteza kumbukumbu za miaka.

Somo la Mei 2017

Gharama ya kubaki na matundu wazi ilionekana Uingereza. Machi 14, 2017 Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba tundu kubwa ndani ya Windows. Miezi miwili baadaye, Mei 12, kirusi kilichopewa jina la WannaCry kilisambaa duniani kupitia tundu hilohilo. Kilifunga mafaili na kudai malipo ili kuyafungua.

Huduma ya Taifa ya Afya ya Uingereza, NHS, iliumia vibaya. Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya nchi hiyo ilieleza baadaye kuwa taasisi zisizopungua 80 kati ya 236 zinazoendesha hospitali England ziliathirika, na ikakadiriwa kuwa miadi zaidi ya 19,000 ya wagonjwa ilifutwa. Baadhi ya magari ya wagonjwa yalielekezwa hospitali nyingine.

Kompyuta nyingi zilizoambukizwa huko zilikuwa na Windows 7, ambayo wakati huo bado ilikuwa ikipata huduma. Dawa ilikuwepo kwa miezi miwili ila haikuwekwa, na sababu mojawapo ya hospitali kusita kuweka marekebisho ni hofu kwamba mashine za vipimo na programu za zamani zitagoma. Ndiyo maana kumlipa developa ajaribu programu mapema si anasa kwa kituo cha afya.

Kijana wa nyumbani

Sasa turudi kwenye laptopu ya mwanafunzi. Nyakato ndiko kilipo chuo cha VETA Mwanza, na mkoani humo kuna vyuo vikuu pia, kikiwemo Mtakatifu Augustino pale Malimbe. Vijana wanaojifunza kuandika programu si wachache, na wengi hutumia kompyuta zilizokwishatumika.

Windows 11 inadai kompyuta yenye RAM ya GB 4 au zaidi, diski ya GB 64 au zaidi, na kichipu cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Juu ya hayo, kwa prosesa za Intel, kwa ujumla hukubali kuanzia kizazi cha 8, ambacho kilianza kutoka mwaka 2017. Hapo ndipo laptopu nyingi za mtumba zinapoanguka, hata kama zina kasi nzuri.

Je, kijana akibaki na Windows 10 masomo yatakwama? Si leo wala kesho. Lakini zana za kazi huhama taratibu. Windows 7 iliachwa Januari 14, 2020. Oktoba mwaka huohuo toleo la 3.9 la lugha ya Python, ambayo hufundishwa sana kwa wanaoanza, lilitoka likiwa halikubali Windows 7. Kivinjari cha Chrome nacho kiliacha kuisasisha mwanzoni mwa 2023. Windows 10 itapita njia hiyohiyo, na mwanafunzi ataanza kuona maneno “mfumo huu hauungwi mkono” pale mwalimu atakapomwambia aweke toleo jipya la zana fulani.

Hivyo mzazi ana muda wa kupanga. Zipo njia nne.

Njia ya kwanza ni kukagua kwanza. Kijana abonyeze kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, aandike tpm.msc, kisha asome kama kichipu ni toleo la 2.0. Wakati mwingine kichipu kipo ila kimezimwa kwenye mipangilio ya kompyuta, na fundi anakiwasha kwa dakika chache. Microsoft pia ina programu ya bure iitwayo PC Health Check inayosema moja kwa moja kama kompyuta inafaa. Ikifaa, kuhamia Windows 11 kutoka Windows 10 halali ni bure. Gharama ni bando, na faili lenyewe ni kubwa, GB kadhaa.

Njia ya pili ni muda wa nyongeza. Microsoft imeweka mpango wa kuendelea kuziba matundu ya Windows 10 kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 13, 2026. Bei yake ni dola 30 za Marekani, zaidi ya Sh70,000, lakini anayetumia akaunti ya Microsoft na kukubali kuhifadhi humo mipangilio ya kompyuta yake hupata bila kulipa. Lazima Windows 10 iwe toleo la 22H2. Kijana ataliona akibonyeza alama ya Windows na R, kisha kuandika winver.

Njia ya tatu ni Linux, mfumo endeshi wa bure. Aina yake iitwayo Linux Mint hukubali kompyuta yenye RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo inayostahili. Kwa anayesomea programu, hii si njia ya maskini. Seva nyingi za intaneti duniani zinaendeshwa na Linux, na kuizoea mapema ni mtaji. Python, Git na LibreOffice zinafanya kazi humo vizuri. Tahadhari ni moja: Microsoft Access na baadhi ya zana za kutengeneza programu za Windows hazimo. Kijana aulize kwanza chuoni kama somo au mtihani wake unazihitaji. Anaweza pia kuijaribu Linux kwa kuiwasha kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye diski.

Njia ya nne ni kununua nyingine. Ikiwa imelazimu, mzazi asiangalie stika iliyobandikwa bali namba ya prosesa. Kwa Intel, i5-6300U ni kizazi cha 6, i5-8250U ni cha 8, na i5-10210U ni cha 10. Wapo wanaoilazimisha Windows 11 kwenye kompyuta isiyofaa. Inaweza kuwaka vizuri dukani, lakini Microsoft haiihakikishii kompyuta hiyo masasisho ya baadaye. Na kwa anayetaka kutengeneza programu za simu kwa Android Studio, RAM isipungue GB 8.

Njia isiyofaa ni Windows ya kuchakachua. Programu za kuvunja kufuli zinazogawanywa kwa flashi ni mlango unaopendwa na wahalifu, na kijana anayefungua akaunti ya benki au ya mikopo ya elimu ya juu kwenye kompyuta hiyo anaweka siri za familia mezani.

Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Laptopu ya kizazi cha 6 yenye Linux na diski nzima inaweza kumfikisha mwanafunzi mwisho wa diploma yake.

Picha za skrini na siri ya mgonjwa

Mfumo mpya haubadilishi programu za zamani tu, unaleta pia mambo mapya ambayo madevelopa wanalazimika kuyajibu. Mei 2024 Microsoft ilitangaza Recall, huduma ya kwenye kompyuta mpya za daraja la Copilot+ inayopiga picha za skrini mara kwa mara ili mtumiaji aweze kutafuta alichokiona zamani. Wataalamu wa usalama walipiga kelele, ikaahirishwa, kisha ikatoka Aprili 2025 ikiwa imezimwa mpaka mtumiaji mwenyewe akubali.

Mei 2025 watengenezaji wa Signal, programu ya ujumbe wa siri, waliamua kutosubiri. Waliiwekea programu yao ya Windows 11 kinga inayozuia skrini yake kupigwa picha.

Kwa nini hili limhusu mzazi? Kwa sababu majibu ya vipimo ya mtoto yakifunguliwa kwenye kompyuta ya hospitali, yako kwenye skrini. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na taarifa za afya na za watoto zimo katika kundi la taarifa nyeti. Developa anayeandika programu ya hospitali anapaswa kujua mfumo endeshi mpya unahifadhi nini, na mwenye kituo anapaswa kumuuliza.

Ya kufanya nyumbani

Kabla ya kubadilisha chochote kwenye kompyuta, kijana anakili kazi zake zote mahali pawili: kwenye diski ya nje au flashi, na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Mradi wa muhula ukifutika kwa sababu ya haraka ya kuweka mfumo mpya, hakuna fundi mwenye uhakika wa kuurudisha.

Laptopu ya zamani ikienda kwa mdogo wake au kwa mnunuzi, mafaili yafutwe kwa kuirudisha kompyuta kwenye hali ya kiwandani. Humo mara nyingi kuna picha za vyeti, kadi za bima na majibu ya hospitali.

Ikiwa imekufa kabisa, isichomwe moto na watoto wasiipasue kucheza. Ndani yake kuna madini kama risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto unaokua. Betri iliyovimba isichajiwe wala kutobolewa, inaweza kulipuka. Ipelekwe kwa fundi au mnunuzi wa taka za kielektroniki.

Mzazi mwenye duka la dawa, zahanati au shule amtafute sasa aliyemwandikia programu, akiwa bado anapatikana, na amuulize mambo matatu: programu imejaribiwa kwenye Windows 11? Kumbukumbu zinaweza kutolewa na kuhamishwa? Nani mwingine anaweza kuirekebisha? Akijibiwa “hapana” kwa swali lolote, alipie kazi hiyo kabla ya kununua kompyuta mpya.

Na kwa mama wa mtoto mchanga, ushauri ni wa zamani na bado unafaa. Kadi ya kliniki itunzwe hata kama kituo kinaandika kila kitu kwenye kompyuta, ipigwe picha kwa simu baada ya kila chanjo, na picha hiyo itumwe kwa baba au bibi. Siku mfumo wa kituo utakapogoma, mhudumu ataangalia tarehe zilizo kwenye kadi hiyo na mtoto atapata chanjo yake.